Kempa ya mkono wa pili inalala upande na kuvuja upepo: namna ya kuirekebisha ukiwa Tanga

Wakuu, hii nawaandikia wenye kempa za zamani, yani yale magari ya kulala yenye kitanda na jiko humo humo ndani, hasa zile kubwa zilizojengwa juu ya chesisi ya lori au basi, zina breki za upepo na nyuma zimekalia mabaluni (mifuko ya raba iliyojazwa upepo) badala ya springi. Huku kwetu Tanga sio nyingi ila zipo, wageni wanashuka nazo kutoka Kenya wanaingilia Horohoro, safari ikiwaishia huku wanauza, na mtu ananunua na hesabu zake kichwani za kupeleka watalii Pangani, Saadani au Lushoto. Wiki haijaisha anaamka asubuhi anakuta gari imelala upande mmoja. Anaitwa fundi, fundi anasikia psssss, ananyoosha kidole kwenye kitu cha kwanza kinachopiga kelele, spea inaagizwa Dar, inafungwa, kesho yake gari imelala vile vile na hela imeenda.

Kitu kimoja naomba mkishike kabla ya vyote: sauti inakuonyesha upepo unapotokea, haikuonyeshi kilichoharibika. Mara nyingi hivyo ni vitu viwili tofauti kwenye magari haya. Kwaiyo pima kwanza, nunua baadae. Na anza na upepo ndo uje kwenye vyuma, usigeuze, mana gari ambayo haijasimama kwenye kimo chake hata bushi (raba za kwenye maungio) nzima itaonekana imekaa vibaya na shokapu (vyuma vya kuzuia gari isidundedunde) nzima itaonekana mbovu.

Kabla hujaingia chini

Hapa sitaki utani kabisa. Gari iliyobebwa na mabaluni usiingie chini yake hata dakika moja bila stendi. Paipu ikichomoka au baluni likipasuka ile chesisi inashuka papo hapo, hupati muda wa kujivuta. Jeki peke yake sio stendi, na tofali sio stendi, tofali linapasuka bila kukuaga. Weka stendi za chuma chini ya chesisi yenyewe, pande zote mbili. Na huku pwani ardhi yetu ni mchanga, ukiwa Raskazone au Sahare jeki inazama taratibu huku wewe unaona kila kitu shwari, kwaiyo tafuta sakafu ya zege, ukikosa weka mbao nene pana chini ya jeki na chini ya kila stendi. Matairi yazibe kwa kabari mbele na nyuma, mana kuna sehemu utalazimika kuachia hendibreki.

Toa mtungi wa gesi ya jiko uweke mbali na gari kabla mtu hajawasha mashine ya kuchomelea, na betri zote zitenganishe, ya injini na zile za nyumbani. Kempa ina betri zaidi ya moja na mafundi wengi wanasahau zile za ndani chini ya kitanda.

La mwisho hapa, zile chemba za breki za nyuma, zile ndefu zenye sehemu mbili. Sehemu ya nyuma ina springi kubwa iliyobanwa, ndo inayoshika hendibreki upepo ukiisha. Ile haifunguliwi. Najua kuna watu wanazifungua barabarani kwa nyundo na tindo, ila hiyo springi ikichomoka inaua, haijeruhi. Ikiharibika funga bolti yake maalumu ya kuibana, toa chemba nzima, weka nyingine.

Hatua ya kwanza: futi na usiku mmoja

Paki sehemu tambarare, washa injini, acha mita za upepo zipande mpaka kompresa ikate yenyewe, utasikia draya (kifaa cha kukausha upepo) inatema upepo kwa kishindo kimoja. Magari mengi hapo ni kama psi 120 hivi (psi ni kipimo cha presha), ya Ulaya yanasoma kwa bar, bar moja ni psi 14.5. Sasa chukua futi pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa bodi, kona zote nne, andika kwa kalamu kwenye selotepu ubandike pale pale juu ya tairi. Andika na mita za upepo zinasoma ngapi. Zima, kalale.

Asubuhi kabla hujawasha pima tena. Kama kona moja tu imeshuka na mita hazijashuka sana, shida ipo kona ile, ni baluni, paipu yake au fitingi (kiungio cha paipu). Kama ekseli nzima imeshuka sawa sawa, angalia valvu ya kimo (inayojaza na kutoa upepo ili gari ibaki kwenye kimo chake) inayolisha ekseli ile, mana gari nyingi zina valvu moja mbele na mbili nyuma, nyingine zina moja moja. Kama mabaluni yamesimama vizuri ila mita zimelala sifuri, basi achana na saspensheni, uvujaji uko upande wa breki au kwenye vitu vidogo vinavyotumia upepo kama honi, mlango, na kiti cha dereva. Kiti cha dereva nakitaja makusudi. Kina kibaluni chake chini na kipaipu chembamba, hakuna anayekikumbuka, watu wanalala chini ya gari siku nzima wakati upepo unatokea chini ya makalio ya dereva.

Kama kila kitu kimeshuka, mabaluni na mita, anzia kwenye matanki ya upepo na valvu zinazozuia upepo kurudi nyuma.

Alafu kuna kipimo cha dakika ambacho hakihitaji fundi. Upepo ukiwa umejaa, matairi yana kabari, zima injini, achia hendibreki, usikanyage kitu, angalia mita dakika moja: isishuke zaidi ya psi 2. Kisha kanyaga breki uishike, itashuka kidogo mwanzoni hiyo sawa, ikitulia hesabu dakika nyingine, isizidi psi 3. Hivyo ndo vipimo vya Marekani kwenye mtihani wa leseni ya magari makubwa kwa gari lisilo na tela. Mita ya bar huwezi kuona mabadiliko madogo hivyo, kwaiyo ile ya kwanza iache dakika tano, ikishuka zaidi ya bar 0.7 una kazi. Ikishuka pale tu unapokanyaga breki na vinginevyo imetulia, umeshajua ni upande wa breki ya mguu, mara nyingi chemba zake au mipira yake, umeokoa nusu siku ya kutafuta.

Hatua ya pili: povu, na matundu matatu yanayodanganya

Chupa ya kupulizia, maji, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Basi. Fanya alfajiri kabla bodaboda hazijaanza kupiga kelele mtaani, masikio yakufanyie kazi kwanza, alafu povu lithibitishe. Anza kwenye tanki, fuata paipu fitingi kwa fitingi kwenda mbele, usirukeruke. Mvujo mkubwa unapeperusha povu hata mapovu hayakai, mvujo mdogo unatengeneza povu jeupe laini linaloongezeka polepole, kwaiyo puliza, subiri, rudi uangalie tena. Ukimaliza suuza kwa maji ya kawaida, usiache sabuni kwenye chuma.

Kwenye baluni kuna siri. Likiwa kwenye kimo cha kawaida raba yake imejikunja chini, inapozunguka ile bakuli ya chuma inayolikalia, na nyufa zinakuwa zimefichwa mle mle kwenye mkunjo. Inua chesisi kidogo, stendi zikiwepo, raba inyooke, hapo ndo upulizie. Utaona mstari mwembamba unazunguka baluni, mchanga na chumvi ya huku kwetu vinaingia kwenye mkunjo na kila gari ikiyumba vinasaga raba. Ufa mdogo wa juu juu usio na nyuzi sio dharura. Ukiona nyuzi za ndani zimetokeza, hilo baluni limekwisha, usilisubiri likupasukie kwenye kona za kupanda Lushoto. Na gusa ile bakuli ya chuma, kama kutu imefanya magamba yenye ncha, baluni jipya utakalofunga juu yake nalo litachanwa vile vile. Isugue mpaka iwe laini au ibadilishe.

Sasa yale matundu matatu.

La kwanza ni tundu la chini la rilei valvu, ile inayogawa upepo wa breki za nyuma. Unasikia inapumua, kila mtu anasema valvu mbovu. Ngoja. Ndani ya ile chemba ndefu ya breki kuna sili inayotenganisha upepo wa hendibreki na upepo wa breki ya mguu, ile sili ikichoka upepo wa hendibreki unavuka, unarudi kwenye paipu ya breki ya mguu, unakuja kutokea kwenye tundu la rilei valvu. Valvu haina kosa lolote. Namna ya kujua: vuta hendibreki, kama upepo unakata na ukiachia hendibreki unaanza tena, mtuhumiwa ni chemba. Kupata ni chemba ipi, na hapa kabari ziwe imara kweli kweli, fungua paipu ya breki ya mguu kwenye chemba moja moja hendibreki ikiwa imeachiwa, ile inayotoa upepo kwenye tundu lake ndo yenyewe.

La pili ni tundu la valvu ya kimo. Toa kile kifimbo kinachoiunganisha na ekseli, shika mkono wake uulete katikati, usubiri, mana nyingine zinachelewa sekunde kadhaa makusudi ili zisihangaike na kila shimo la barabarani. Mkono ukiwa katikati valvu nzima inanyamaza, haijazi wala haitoi. Ikinyamaza, valvu ni nzima, kasoro ipo kwenye kifimbo, kimepinda au vile vibushi vyake vya raba vimeliwa, na hivyo ni vya bei ndogo mno ukilinganisha na valvu. Ikiendelea kuvuja mkono ukiwa katikati, hapo badilisha valvu.

La tatu ni tundu la draya. Kama linavuja wakati kompresa inajaza, ile valvu ya kutemea imekwama na uchafu. Kama linavuja baada ya kompresa kukata, na mita zinashuka mpaka kompresa inaanza tena muda si mrefu, basi upepo wa tankini unarudi nyuma, angalia valvu ya kuzuia kurudi.

Hatua ya tatu: kuziba

Toa upepo wote kwanza, matanki na mabaluni, stendi zikiwa zimebeba chesisi. Usilegeze fitingi yenye upepo.

Paipu za nailoni zilizochakaa zinakuwa ngumu na zinapauka. Ukikata, kata kwa kisu kikali na mkato uwe wima kabisa, mkato wa mshazari hauzibi hata ukaze vipi. Fitingi za shaba za kukaza kwa nati zinataka kile kikombe kidogo cha ndani kinachozuia paipu isibonyee, kisipowekwa itavuja baada ya wiki mbili barabara ikiitikisa. Zile za kusukuma kwa mkono, sukuma mpaka mwisho, alafu ivute kuhakikisha imeshika. Usiweke mpira wa petroli wala wa maji na klipu mahali pa paipu ya breki, hata kama "ni ya kufikia nyumbani tu".

Na hii tepu nyeupe ya mafundi bomba, naomba iachwe kwa mafundi bomba. Vipande vyake vinakatika vinaingia kwenye paipu vinakwenda kukaa ndani ya valvu, alafu valvu nzima inaanza kuvuja. Tumia gundi ya maji ya kuzibia nyuzi za fitingi, kidogo, uache uzi wa kwanza wazi. Fitingi yenye oringi (pete ya raba) haitaki chochote zaidi ya oringi mpya na uso safi.

Mabaluni, soma namba iliyochapwa kwenye raba yenyewe, usinunue kwa kufananisha kwa macho, yapo yanayofanana nje na urefu wake ukinyooshwa ni tofauti. Na hapa kuna faida watu hawaijui, mabasi makubwa ya mikoani nayo mengi yanatembelea mabaluni, kwaiyo fundi wa kumtafuta Tanga ni yule anayeshughulika na mabasi, sio yule wa magari madogo hata awe rafiki yako. Anayajua kwa mikono. Kisichopatikana mjini mtumie muuzaji wa Dar picha ya namba, mzigo unapakiwa kwenye basi na unaupokea stendi. Mombasa nayo sio mbali.

Jambo la hatari ndogo ila linavunja moyo: kwenye saspensheni nyingi za upepo shokapu ndo zinazozuia baluni lisinyooke kupita kiasi. Ukitoa shokapu alafu ukawasha injini, mabaluni yanajaa, hakuna cha kuyazuia, unachana baluni jipya ulilofunga jana. Kwaiyo shokapu zikiwa nje, upepo usiingie.

Kempa ndogo, mfano zile za Fiat Ducato, nyuma zina springi za majani na watu wanaongezea vibaluni vya kusaidia. Povu ni lile lile. Ila kumbuka vile vibaluni havitakiwi kuendeshwa vikiwa vitupu, vinajikunja na kujitafuna, viwe na upepo kidogo hata gari ikiwa haina mzigo.

Matanki ya upepo, fungua koki za chini. Hewa ya Tanga ina unyevu mwingi, maji yanajaa haraka. Yakitoka maji matupu, yatoe kila siku ukiwa safarini. Yakitoka meupe kama maziwa au yenye mafuta mengi, kompresa inapitisha mafuta na kichujio cha draya kimeshalowa, badilisha kichujio na uikague kompresa, usibadilishe kimoja ukaacha kingine. Papasa pia tumbo la tanki kwa chini, chumvi inaanzia nje na maji yanaanzia ndani. Tanki la upepo lililooza halichomelewi, linabadilishwa.

Hatua ya nne: vyuma

Gari sasa inasimama usiku kucha bila kushuka. Kama bado inaegemea upande, kabla hujalaumu springi fungua milango uangalie mzigo. Maji lita 200 ni kilo 200, na mara nyingi tanki la maji, friji na betri vyote viko upande mmoja mana ndivyo aliyeijenga alivyoona nafasi. Ipeleke kwenye mizani, pima ekseli ya mbele na ya nyuma, na ikiwezekana pitisha tairi za upande mmoja tu, linganisha na kile kibati cha mtengenezaji kinachoonyesha uzito wa mwisho wa kila ekseli. Ukihamisha betri upande wa pili unaweza kukuta ugonjwa umepona.

Kisha soma matairi. Tairi lenye mabonde mabonde ukipitisha kiganja, shokapu zimekufa. Lililoliwa ukingo mmoja, ni alaimenti (mpangilio wa matairi kunyooka) au bushi na kingipini (pini ambayo gurudumu la mbele linageukia). Soma pia zile tarakimu nne za tarehe, 3418 maana yake wiki ya 34 ya mwaka 2018, kempa zinakaa sana kwaiyo tairi linazeeka likiwa na kashata zote.

Springi za mbele, safisha matope upitie jani kwa jani. Ufa unapenda kuanzia kwenye senta bolti (bolti ya katikati inayoshika majani pamoja) na karibu na shako (kiungio cha mwisho wa springi), na dalili yake ni mstari mwembamba wa kutu unaotoka mahali pasipo na sababu ya kuwa na kutu. Zipo gereji zinazokunja springi iliyolala ili irudi juu. Kwa lori la kubeba mchanga karibu karibu sawa, kwa kempa mimi sishauri, mzigo wake uko juu na unayumba, springi iliyogongwa bila moto italala tena, na iliyopashwa moto wa gesi imepoteza ugumu wake, inaweza kukatika. Weka jani jipya au seti nzima, pande zote mbili kwa pamoja. Yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) ukishazifungua usizirudishe, zimeshavutika, funga mpya.

Bushi zipime kwa mtaimbo, ingiza kati ya chuma na chuma ubinue kidogo, raba nzima inarudi, iliyokufa inagonga. Tikisa na tairodi endi (jointi za mwisho wa fimbo za usukani) mtu akizungusha usukani polepole huku wewe mkono uko juu ya jointi, mchezo unausikia kwenye vidole kabla hujauona. Pini zenye nipo (kichuchu cha kupigia grisi) zipige grisi mpaka ile ya zamani itoke pembeni. Nipo isiyopitisha grisi ifungue, usiiruke.

Na sasa kosa ambalo linaua bushi mpya ndani ya mwezi. Bolti za bushi za raba hazikazwi gari ikiwa inaning'inia kwenye jeki. Zifunge kwa mkono tu, shusha gari, jaza upepo mpaka ifike kimo chake, ndo ukaze kwa toki renchi (spana yenye kipimo cha nguvu) kwa kipimo cha mtengenezaji. Ukikaza ikiwa juu, raba inabaki imesokotwa muda wote gari inapotembea, inachanika, alafu unasema spea za siku hizi feki. Shokapu nazo nunua mbili mbili kwa ekseli, moja mpya na moja ya zamani gari haitulii sawa pande zote.

Kuijaribu

Weka kimo kwanza kwa kurekebisha kile kifimbo cha valvu, kwa kipimo cha gari yako, futi ile ile ya mwanzo. Rudia kipimo cha dakika na usiku mmoja. Alafu itoe, nenda Pongwe, ukiona usukani umetulia endelea mpaka Muheza, lami ile inatosha kuonyesha kama inayumba. Mita za upepo ziangalie njiani. King'ora cha upepo mdogo kikilia, kwenye magari mengi ni karibu na psi 60, simama pembeni pale pale ukiwa bado na breki, mana ukiendelea hendibreki zitajishika zenyewe katikati ya barabara. Na mtu akikwambia ubane springi za chemba zote ili ufike nyumbani, kataa, unakuwa na gari ya tani kadhaa isiyo na hendibreki wala breki ya dharura.

Ukirudi gusa kila kitovu cha gurudumu bila kubana kiganja, kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine breki yake inashika. Kaza yubolti upya zikiwa zimebeba uzito, na urudie tena baada ya safari ndefu ya kwanza. Alaimenti iwe ya mwisho kabisa, ukiifanya kabla ya bushi na kimo umelipa mara mbili. Ukishuka nayo ufukweni, iwe Pangani au Ushongo, siku unayorudi mwagia maji baridi chini kote, kwenye mikunjo ya mabaluni, kwenye matanki na kwenye fitingi, maji ya bomba tu bila presha kubwa, na koki za matanki uzifungue siku hiyo hiyo.